Nyumba ya Babu Imekuwa Makumbusho

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na makumbusho. Mtu akitaka kulipa kiingilio ili atazame sufuria za watu, hiyo ni hiari yake, na wala simzuii. Ugomvi wangu ulianza pale sufuria zenyewe zilipokuwa za bibi yangu.

Nyumba ninayoisema iko mji wa kale wa Malindi, mtaa wa pili kutoka hapa tunapoishi mimi na mama. Ilikuwa ya babu mzaa mama. Humo ndimo alimozaliwa mama yangu, na humo ndimo alimozaliwa mjomba wangu, ambaye ni ndugu yake mdogo, na katika watoto wote wa babu ni hao wawili tu waliobaki. Babu alikuwa mtu wa mipango. Aligawa mali yake angali hai ili watoto wasije wakatoana macho juu ya kaburi lake. Mama akapata shamba la minazi upande wa Sabaki, mjomba akapata nyumba. Wakatoana macho vilevile, ila walichelewa kidogo.

Mjomba aliiuza nyumba bila kumwambia dada yake. Mama alizipata habari hizo sokoni, kwa muuza samaki, akiwa anamkagua changu kwenye mashavu. Samaki hakununuliwa. Aliyeinunua nyumba alikuwa mzungu mstaafu ambaye baada ya muda mfupi aligundua kwamba Malindi kuna joto, akaikabidhi kwa mradi. Mradi ukapata wafadhili, wafadhili wakapata wataalamu, na wataalamu wakapata nyumba yetu. Walipomaliza kuitengeneza wakatundika kibao kikubwa mlangoni: Makumbusho ya Maisha ya Nyumbani ya Waswahili wa Kale. Sisi Waswahili tusio wa kale sana tulikuwa tukikipita kibao hicho kila asubuhi tukienda kununua unga.

Kuuzwa kwa nyumba peke yake mama angeweza kukumeza, kwa maji mengi. Lililomkwama kooni lilikuwa la zamani zaidi. Nyumba zetu za kale zina mpango wake. Mbele, mlangoni, kuna daka, yale mabaraza ya mawe ambapo mgeni hukaa akaletewa kahawa. Ukipita daka unaingia ukumbini. Ukipita ukumbi unafika ndani, na tukisema ndani tuna maana ya chumba cha mwisho kabisa, cha wenyewe, pa kulala na kuzaa na kuuguzana. Mtu baki huishia dakani. Dada wa tumbo moja haishii dakani hata siku moja. Lakini kwa miaka kadhaa kabla ya kuuza, kila Idd mama alipokwenda na sinia lake la vyakula, mjomba alimpokea mlangoni, akamkalisha dakani, akasema mkewe hajisikii vizuri, amelala. Mama akanywa kahawa yake huko nje kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Halafu akarudi nyumbani na kunisimulia mimi, Idd nzima, jinsi wifi yake alivyomfungia mlango wa nyumba ya babake, na jinsi ndugu yake alivyokaa kimya kama gogo.

Kwa hiyo alipouza, mama hakushangaa sana. Alisema, "Kwanza alininyima ndani. Sasa amewapa wazungu."

Mwaka huu mjomba alipigwa na kiharusi kule Kilifi, alikohamia na mkewe baada ya kuuza. Mkewe alinipigia simu mimi, maana namba ya mama alikuwa nayo lakini ujasiri hakuwa nao. Alisema upande mmoja umekufa, maneno yanatoka kwa shida, na yale yanayotoka mengi ni ya kumtaja dada yake. Anataka kumwona. Akasema daktari amewaambia, kisha hakumalizia alichowaambia daktari.

Nikampelekea mama habari. Alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kuchambua, na kwa siku kadhaa mchele wa nyumba yetu ulikuwa msafi kuliko wa hoteli zote za ufukweni. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ya kwanza ni mjomba aliyeninunulia, wakati ambapo kila mtu mwingine alikuwa akinipa ushauri. Nilimpenda, na nilikuwa naogopa. Niliogopa atakufa akiutazama mlango, na mama atabaki na hasira isiyo na mtu wa kuipokea. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nikaambiwa niangalie mdomo wangu.

Siku moja, bila kuulizwa, akasema, "Kwanza nikaione nyumba. Nikaone hicho alichokiuza. Nikitoka humo nitajua kama nina ndugu Kilifi au sina."

Hapo nilijua mjomba amekwisha. Hakuna mtu anayekwenda kuitazama nyumba iliyouzwa kwa nia ya kupoa. Lakini mlango mwingine haukuwepo, basi nikafunga duka, nikampeleka.

Alivaa buibui jipya, akajifukiza na udi, maana hata ukienda kugombana huendi kwa watu ukinuka kitunguu. Mlango wa babu, ule wa kuchonga, tuliukuta umepakwa vanishi mpaka unang'aa kama meza ya benki. Ulikuwa wazi. Nyuma yake palikuwa na meza ndogo, na nyuma ya meza alikaa msichana aliyevaa fulana ya mradi. Mama alisimama kwenye kizingiti, akanyoosha shingo, akaita:

"Hodi!"

"Shikamoo, bibi," msichana akasema kwa adabu. "Tiketi ni hapa."

"Marahaba. Hodi!"

"Ingieni tu, bibi, ni wazi."

"Naona ni wazi, mwanangu. Nimepiga hodi, sijakaribishwa."

Msichana alinitazama mimi. Nikamnong'oneza kwamba hatutaondoka hapo mpaka aseme karibu. Akasema, "Karibu," kwa sauti ya mwanafunzi anayebahatisha jibu, na mama akaingia kwa mguu wa kulia. Akamuuliza kwao wapi. Msichana akasema Kaloleni, na kwamba huko kwao mtu akipiga hodi hupewa kigoda kwanza, maneno baadaye. Mama akaanza kumpenda, jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa siku hiyo. Mimi nikalipa. Wenyeji wana bei yao na wageni wana bei yao. Aliyezaliwa humo ndani hakuwa amefikiriwa.

Ziara ilianza kwa kuturudisha nje, dakani. Msichana aliinua macho juu kidogo, kama wafanyavyo watu wanaosoma kitu walichokihifadhi, akasema, "Hapa ndipo walipopumzika wafanyabiashara wa misafara kabla ya kuanza safari zao ndefu."

"Hapa ndipo nilipopumzika mimi," mama akasema, "kabla ya kuanza safari ya kurudi mtaa wa pili."

Msichana hakujua aandike wapi kichwani mwake habari hiyo, akatupeleka ukumbini.

Ukumbini kulikuwa na kiti cha enzi cha babu, kile kirefu cha mpingo chenye kusukwa kamba nyeupe. Kilizungushiwa uzi mwekundu ili mtu asikiguse, na kibao kilisema kwamba kilikaliwa na mkuu wa nyumba peke yake na kwamba hakuna mwingine aliyethubutu. Nakikumbuka vizuri kiti hicho. Enzi za utoto wangu kilikaliwa na nguo zilizoanuliwa, zikisubiri mtu wa kuzikunja, na juu ya nguo alikaa paka. Kama paka yule ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba, basi sina la kuongeza, wataalamu wamefanya utafiti.

Karibu na kiti, juu ya kijukwaa chenye taa yake, waliweka mbuzi ya kukunia nazi. Ile ile ya bibi, nililitambua pengo la ubao wake. Kibao kilisema: Kiti cha mtoto. Na ule ulimi wa chuma wenye meno, unaotokeza mbele, uliokunia nazi za harusi na za matanga kwa miaka yote hiyo, ulielezwa kuwa ni kishikio cha mapambo. Mama aliinama, akautazama ulimi, akautazama ubao, akamgeukia msichana.

"Mtoto huyo alikuwa amewakosea nini?"

Msichana aliziba mdomo kwa mkono. Alipopata pumzi akasema hata kwa mama yake ipo, wanaikunia nazi kila siku, lakini vibao hakuandika yeye, vilikuja vimeshachapwa.

Ukutani, kati ya upanga na ngao ambazo sijui walizitoa kwa nani, maana babu yangu silaha yake kubwa ilikuwa bakora ya kutembelea, kulikuwa na kifumbu. Kifumbu ni kile kifuko cha ukindu tunachokamulia tui. Kilitundikwa kwa heshima kubwa, mdomo juu, na kuitwa podo la mishale. Nilijaribu kuwaza mababu zangu wakienda vitani na kifumbu begani, wakiwatisha maadui kwa tui bubu, lile zito. Mama hakucheka. Alikuwa akisema jambo chinichini, nikasogea nisikie, nikasikia analitaja jina la ndugu yake.

Hapo nikaelewa hesabu yake. Kila kosa la mradi lilikuwa linakwenda moja kwa moja Kilifi. Mbuzi imeitwa kiti, wa kulaumiwa ni mjomba. Kifumbu kimeitwa podo, ni mjomba. Mtu aliyelala kitandani na nusu ya mdomo alikuwa akiongezewa makosa ukuta kwa ukuta, na mimi ndiye niliyelipa tiketi ili aongezewe. Nilimwambia mama tutoke, tumeshaona. Akasema mimi nitoke kama nina haraka.

Tukapitishwa chooni. Huko kuna birika la maji lililojengewa ukutani, ambamo babu alifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na ambamo tulichota maji ya kutawadha. Sasa samaki hawapo. Chini ya maji zilikuwa zinametameta sarafu, kwa sababu wageni wameamua kwamba ukitupa sarafu mle unapata bahati.

"Huwa wanaipata?" mama akauliza.

"Wanapata nini, bibi?"

"Hiyo bahati."

Msichana akasema hajapata kusikia malalamiko.

Mwishowe tukafika mlango wa ndani. Pembeni yake palikuwa na kibao kirefu kuliko vyote, na kwa kuwa miwani ya mama ilikuwa imesahauliwa nyumbani nikamsomea. Kilieleza juu ya faragha, na ustaarabu, na mambo mengine ambayo watu hutusifia tukishatoka. Mstari wa mwisho ulisema: Familia ya mwisho kuishi katika nyumba hii iliondoka, na haijulikani ilikoelekea.

"Haijulikani?" mama akasema. "Si wangeuliza hata dukani pale kwenye kona? Tunakopa sukari pale kila wiki!"

Kisha akasimama. Hatua moja mbele yake ndiyo iliyokuwa ndani, chumba alichozaliwa, ambacho alikuwa hajakitia mguu tangu Idd zile zilipoanza kuishia dakani. Alijifunga vizuri mtandio. "Haya," akasema. "Nduguyo kakunyima, tiketi imekupa." Maneno hayo alikuwa akijiambia mwenyewe. Akaingia.

Ndani kulikuwa na bibi harusi. Alikuwa sanamu la dukani, la kuonyeshea nguo, pua nyembamba kama kisu, nalo limekalishwa ukingoni mwa kitanda likiwa limevaa buibui. Bibi harusi, chumbani mwake, juu ya kitanda chake, amevaa buibui, labda akisubiri teksi. Hina mikononi ilichorwa kwa kalamu ya wino mzito. Nikiwa fundi nilijipa ruhusa ya kuinua pindo la buibui lake, nikakuta limebandikwa kwa gundi. Mwanamume na mwanamke wa kizungu, watalii, walikuwa wamejilaza kitandani pande mbili za bibi harusi, wakijipiga picha kwa simu. Walitusalimia kwa Kiitaliano. Malindi yetu imezoea kusalimiwa hivyo, tukaitikia.

Nilimwangalia mama nikitegemea mlipuko. Yeye hakumwona bibi harusi wala watalii. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye zidaka, vile vijishubaka vya ukutani ambamo bibi alikuwa akipanga bakuli zake nzuri, na ambamo sasa yalikaa maua ya plastiki. Katikati ya zidaka palitundikwa picha kubwa mbili ndani ya fremu. Moja iliandikwa Baada, na ilionyesha chumba kama tulivyokikuta. Nyingine iliandikwa Kabla.

Mama alisimama mbele ya ile ya Kabla. Nikasogea.

Ilikuwa picha ya chumba hicho hicho, zidaka hizo hizo, lakini hakikuwa na dari. Boriti zilikuwa zimeanguka zimelaliana, na juu yake ilionekana mbingu. Mti mzima ulikuwa umeota ukutani, mizizi yake imeshuka mpaka sakafuni. Kwenye pembe moja iliyosalia lilikuwa limefungwa turubai, na chini ya turubai kulikuwa na kitanda kimetandikwa vizuri, ndoo mbili za kukingia maji, na kamba ya nguo. Kwenye kamba ilianikwa kanga ya zambarau. Kanga ile tuliijua sote wawili. Mama aliiweka juu ya sinia lake Idd moja, zawadi ya wifi, na mimi ndiye niliyeipinda.

"Mwanangu," mama akamwita msichana. "Hapa ni wapi?"

"Ni hapa hapa, bibi. Ndivyo ilivyokuwa siku mzungu alipoinunua. Ukumbi nao ulikuwa umeanguka nusu. Mbele tu ndiko kulikokuwa kuzima, mlango na daka, hata ukipita njiani usingejua."

"Na watu?"

"Walikuwa wakiishi, bibi. Mzee na mkewe. Mafundi wanasema walikuwa hivyo miaka mingi, chini ya turubai, wakipika pale pembeni."

Mama akaisogelea picha zaidi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na niliisikia ikibadilika. Mimi mwenyewe nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Idd zote zile. Wifi yake hakuwa amelala ndani kwa kiburi, alikuwa amekaa chini ya turubai akiomba mgeni asije akataka kwenda chooni. Mjomba alimkalisha dada yake dakani kwa sababu daka ndilo pekee lililobaki la kumkalishia mtu. Akavaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akamimina kahawa, akasema mke wangu hajisikii vizuri, na nyuma ya mgongo wake, mlango ukiwa umefungwa, mti ulikuwa ukiota chumbani. Alikuwa na dada mtaa wa pili, mwenye shamba zima la minazi, na hakusema. Ndivyo tulivyo sisi watu wa milango mizuri. Tunasitiri mpaka anayesitiriwa anakaribia kuangukiwa na boriti, kisha wa nje wanachukia kwamba hawakukaribishwa.

"Angeniambia," mama akasema polepole. "Minazi ninayo. Angeniambia."

Wale watalii walikuwa wamemaliza na bibi harusi. Walikuja kwenye picha. Mwanamume aliitazama ile ya Kabla, akatikisa kichwa kwa huruma, akainua simu yake aipige. Mama akasogea hatua moja, akageuka, akasimama mbele ya fremu, mgongo kwenye kioo, buibui lake limeenea huku na huku. Mwanamume akamwashiria kwa upole apishe kidogo. Mama akamtabasamia kwa adabu zote na hakupisha. Akasimama pale, mwanamke mzima wa miaka mingi na goti bovu, kama pazia, mpaka watalii wakachoka wakatoka. Msichana wa Kaloleni aliona yote. Baadaye nilisikia kwamba ile fremu ilitolewa ukutani kwa sababu ya unyevu. Chumba kile hakina unyevu.

Tulipofika mlangoni mama aliniambia, "Twende Kilifi."

"Leo?"

"Kwani wewe una harusi?"

Tulifika Kilifi alasiri. Wanaishi nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, jambo ambalo mtu mwenye roho mbaya angeweza kulichekea, chumba na sehemu ya jikoni, paa la bati. Hakuna daka, hakuna ukumbi. Ukifungua mlango uko kitandani kwa mgonjwa. Mke wa mjomba alitufungulia, akamwona mama, akatazama nyuma yake na mbele yake kutafuta pa kumkalisha mtu kwanza, asipaone. Mama akamshika mkono. "Wifi," akasema, akaushikilia mkono ule muda mrefu kuliko salamu za kawaida zinavyotaka. Mke wa mjomba aliangalia chini, kisha akakimbilia jikoni kupika chai.

Mjomba alikuwa amepungua. Nusu ya uso ilikuwa yake, nusu ilikuwa imeshuka. Alipomwona dada yake akaanza kutaka kuinuka, na mwili ukamkatalia.

"Dada," akasema, neno likija kwa tabu. "Nipe radhi."

Mama alikaa kitandani, karibu na bega lake. "Nimekupa. Duniani na akhera. Na wewe nipe yangu."

"Yako ya nini?"

"Wewe toa tu. Usinihoji kama polisi."

Akatoa. Machozi yalimtoka jicho moja, na mama akamfuta kwa pembe ya mtandio huku akimkemea kwamba ndevu zake zimeachwa kama za mbuzi, hakuna wembe Kilifi? Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nikiangalia mabomba ya duka la jirani kwa makini sana, maana nililia na sikutaka kulizwa zaidi.

"Nimetoka nyumbani kwa baba," mama akasema. "Nimekwenda kuitazama."

Mjomba akayaondoa macho kwake.

"Wamefanya vituko, ndugu yangu. Mbuzi ya mama wameiita kiti cha mtoto."

"Kiti?"

"Cha mtoto. Na kifumbu wamekitundika na upanga, wanasema ni podo la mishale."

Mjomba akalitafuna neno hilo. "Tulimpiga nani?" akauliza, na nusu ya uso iliyo hai ikacheka, kicheko kikamfikia kifua, akakohoa, mama akampigapiga mgongo huku naye anacheka. Nikaingilia kati na habari ya sarafu kwenye birika. Nikaeleza kiti cha enzi na uzi wake. Mjomba akauliza kama paka naye yumo, amefungiwa kamba. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo tangu utoto wangu, na nikafurahi, nikataka kuwapa kile kikubwa kabisa, bibi harusi wa buibui. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu, kwa kisigino, na kwa nguvu. Nikaufunga mdomo bila kujua kwa nini.

Mjomba alikuwa ameacha kucheka.

"Na ndani?" akauliza. Mkono wake mzima ulikuwa umekamata ukingo wa shuka. Mlangoni pa jikoni mkewe alikuwa amesimama na vikombe vya chai, hasogei. "Ndani uliingia?"

"Ndani?" mama akasema. "Sikuwahi. Goti lilinikaza, nikaishia ukumbini."

Mjomba alimtazama dada yake. Kisha akanitazama mimi, nami nikasema ni kweli, goti lilimsumbua sana leo. Vidole vyake vikaliachia shuka, kimoja kimoja.

"Hukukosa kitu, dada," akasema.